Paka Mweusi Ana Kosa Gani?

Huku Ibaba ukifuga paka mweupe, watu wanasema anakamata panya. Akiwa mweusi, wanauliza ametumwa na nani.

Aristotle alishafundisha: rangi ni sifa inayoambatana na kitu, si kiini chake. Weusi ule ni melanini tu kwenye manyoya. Marekani wamezalisha aina nzima, Bombay, kwa kuupenda weusi huo (na kweli anang'aa!). Panya wa ghalani nao hawachagui rangi ya kukimbia. Katekisimu, namba 2416, inasema wanyama ni viumbe wa Mungu, tunapaswa kuwatendea wema sisi wenyewe.

Ila hofu yangu kubwa ni huyu bibi mjane anayemfuga. Jiwe likishamkosa paka, maneno yanamfuata yeye. Tukitoka Rozari tukamkwepa njiani, tunamwogopa nani hasa?