Subira si Kunyamaza

Hapa Makangale, kaskazini mwa Pemba, kwenda dago si jambo geni. Wavuvi hufuata samaki, hulala kambini, kisha hurudi. Lakini wapo Wapemba waliovuka hadi pwani ya Kenya, Kwale na Kilifi, wakaoa, wakazaa na kuzikana huko. Watoto na wajukuu wao walizaliwa Kenya, lakini wengi waliishi bila kitambulisho. Bila hicho hupati leseni ya uvuvi, hufungui akaunti benki, wala husajili laini ya simu kwa jina lako.

Sisi tunaomwamini Kristo tungewaambia nini? Mara nyingi tumewaambia wanyonge: subirini, Mungu yupo. Neno hilo ni la kweli, lakini tumelitumia kuwanyamazisha. Mjane wa Luka 18 hakukaa nyumbani. Alimwendea kadhi mara kwa mara mpaka akapewa haki yake, na Bwana Yesu akamfanya kielelezo cha wanaoomba bila kukata tamaa.

Wamakonde wa Kwale, ambao wazee wao walitoka Msumbiji kufanya kazi katika mashamba ya mkonge na miwa, walifanya kama mjane huyo. Oktoba 2016 walishika njia kwa miguu kwenda Nairobi, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza wapewe vitambulisho. Wapemba nao hawakuacha kubisha hodi, hata mwaka 2023 Serikali ya Kenya ikawatambua kuwa mojawapo ya jamii zake.

Katekisimo Ndogo ya Luther inatufundisha kwamba mkate wa kila siku si chakula tu. Ndani yake mna serikali njema, amani na majirani wema. Basi anayedai kitambulisho hajaiacha sala. Kadi haimpi mtu utu, kwa maana utu tumepewa na Mungu bure. Lakini anayemnyima jirani kadi hiyo anamnyima mkate wake.

Na sisi je? Mtu wa bara anapohamia kijijini, au anapoketi ibadani mara ya kwanza, tunamwuliza habari za safari, au tunamwuliza atarudi kwao lini? Waisraeli waliagizwa kumpenda mgeni kwa kuwa nao walikuwa wageni Misri. Kisiwa kilichopeleka wana wake ugenini hakihitaji kufundishwa jambo hilo na watu wa mbali. Tuanze Jumapili hii, kwa yule aliyekaa benchi la nyuma.