Roboti Juu ya Mgongo wa Ngamia

Mashine inapoondosha dhulma, je, huwa imeuondosha na ule moyo ulioiridhia? Suala hili lina mfano wake karibu na wakaazi wa Doha.

Katika kiwanja cha Al Shahaniya, magharibi ya mji huo, ngamia wa mbio walikuwa wakipandwa na watoto wadogo, wengi wao wakitoka Sudan. Mtoto alitakiwa awe mwepesi, na ili abakie mwepesi alipunguziwa chakula. Wako walioanguka wakavunjika. Mwaka 2005 Qatar ilipiga marufuku jambo hilo kwa sheria, na mahala pa mtoto pakawekwa roboti iliyoundwa na kampuni ya K-Team ya Uswisi. Mwanzoni ngamia waliishtukia. Basi ikapewa sura ya mtu, kofia na miwani, hata manukato waliyoyazoea wanyama hao. Ni ajabu kwamba ngamia alitafutiwa utulivu wake kwa bidii kiasi hicho, ilhali mtoto aliyemtangulia roboti alinyimwa shibe.

Kuokoka kwa watoto hao ni kheri isiyo na shaka. Lakini atakayesema kwamba kabla ya roboti hapakuwa na njia, hoja yake ni dhaifu. Njia ilikuwapo siku zote: kupandisha mtu mzima, na kuridhia ngamia aende polepole zaidi. Kilichokosekana si chombo, bali utayari wa kupoteza kitu. Roboti ilibakisha mbio, zawadi na fakhari. Aliyeacha dhulma kwa ajili yake hakutakiwa kuacha chochote akipendacho.

Wanavyuoni wameeleza kwamba toba ni kujuta, kuacha, kuazimia kutorejea, na kurudisha haki za watu. Roboti inaweza kumsaidia mtu kuacha. Hayo matatu mengine haina njia ya kumfanyia.

Katika Falme za Kiarabu, mwaka huo huo wa 2005, palifanywa makubaliano na UNICEF, na watoto zaidi ya 1,000 wakarejeshwa makwao, wakiwemo wa Pakistan, Bangladesh na Sudan. Baadhi yao walichukuliwa wakiwa wadogo mno hata hawakuweza kuwataja wazee wao. Ilibidi watu wawatafute.