Uzi Uliolegea

Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Yangu mimi yaliletwa na mjukuu hasa, akiwa amebeba gitaa dogo la nyuzi nne liitwalo ukulele.

Chombo hiki asili yake ni Hawaii. Mwaka 1879 Wareno wa kisiwa cha Madeira walishuka Honolulu kutoka meli Ravenscrag, wakaenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa, na vigitaa vya kwao ndivyo vilivyozaa ukulele. Aina ndogo, iitwayo soprano, sehemu ya uzi inayolia ina urefu wa sentimita 35 hivi.

Chombo cha mjukuu wangu kilikuwa kimefungwa nyuzi za ukulele mkubwa zaidi, wenye uzi wa sentimita 43. Zililegea. Ukizicharaza zilikwaruza, na ukizibonyeza kwa nguvu kidogo noti ilipotoka. Mimi, kwa mazoea ya mwalimu wa zamani, nikazikaza. Zilipopanda toni moja zikatulia kidoleni, kwani toni moja tu huongeza mkazo kwa karibu robo. Lakini sasa hazikupatana na kinanda cha dada yake. Mtoto akasema, "Babu, umezitengeneza nyuzi, umeuharibu wimbo."

Fundi wa magitaa alinionyesha kosa langu. Uzi uleule, kwa noti ileile, ukifupishwa kutoka sentimita 43 hadi 35, mkazo wake hushuka hadi karibu theluthi mbili. Uzi haukuwa mvivu; uliwekwa mahali pasipo pake. Dawa yake ni uzi mzito zaidi: nailoni nene kidogo, au florokaboni, ambayo kwa unene uleule huizidi nailoni kwa uzito. Tena isiwe nzito kupita kiasi, maana hapo vidole huumia na kidaraja huvutwa mpaka king'oke. Akabadilisha nyuzi. Noti ikabaki ileile, na mtoto akapiga bila taabu.

Usiku ule nilimkumbuka kijana mmoja. Ilikuwa mwaka 1984, nami nilikuwa mkuu wa chuo cha ualimu. Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilimpanga darasa la kwanza, lenye watoto zaidi ya themanini. Alikuwa mpole, mwenye sauti ndogo, hodari wa hesabu. Darasa likamshinda. Alinijia ofisini akasema, "Shikamoo Mwalimu Mkuu. Naomba nijaribiwe darasa la sita." Nikamjibu kwamba mwalimu ni mwalimu popote. Nikamwongezea vipindi, nikamkaripia mbele ya wenzake. Moyoni nilijitetea kwa methali: mchelea mwana kulia hulia yeye. Wiki ya tatu alifunga sanduku lake la bati, akaondoka. Hakurudi.

Je, ni haki kudai kiwango kimoja kwa watu wasio sawa? Nimelipima swali hili kwa muda mrefu, na bado nasema ndiyo. Watoto wale themanini walistahili mwalimu anayesikika, kama wimbo unavyostahili noti yake. Kumshushia mtu kiwango kwa huruma ni kuwadhulumu wale atakaowahudumia. Hapo sijutii.

Ninachojutia ni kuamini kwamba kila kilicholegea dawa yake ni kukazwa. Aliyeulegeza uzi ule ni aliyeufunga. Aliyempanga kijana yule darasa lile ni mimi, na kalamu ya kumhamisha ilikuwa mkononi mwangu. Mwenye madaraka huona ulegevu wa aliye chini yake upesi sana, lakini huchelewa kuona kazi ya mkono wake mwenyewe.

Huenda darasa la sita nalo lingemshinda. Hilo halinisafishi, kwa kuwa sikumpa nafasi ya kulijua. Tena mfano wangu wa uzi una kasoro moja. Uzi hauna mdomo. Fundi hana budi kubahatisha, afunge huu, afungue ule, mpaka apate unaofaa. Mimi sikuhitaji kubahatisha. Kijana alisimama mbele ya meza yangu, akaniambia kwa heshima uzi unaomfaa, nami nikaendelea kukaza.