Subiri bibi, ni tangazo tu

ILIKUWA jioni ya Ramadhani. Futari imekwishaliwa, vyombo vimeondolewa, na sisi tuliokuwa nyumbani kwa kaka yangu tunasubiri adhana ya Isha. Televisheni yao imeunganishwa na intaneti, na kijana mmoja alikuwa ametufungulia kisomo cha Qur'an katika YouTube. Mama yetu, ambaye macho yake hayaoni tena herufi za msahafu, alikuwa ameketi kwenye mkeka akifuatisha kwa midomo.

Ghafla kisomo kikakatika katikati ya aya. Ikaingia sauti ya kijana mchangamfu, muziki nyuma yake, akiwahimiza watu waweke shilingi mia tano kwenye mechi za mwisho wa wiki wapate mamilioni. Mama akainua uso. "Mbona sheikh kanyamaza? Na huyu wa mamilioni ni nani?" Mjukuu wake wa miaka tisa akamjibu kwa upole: "Subiri bibi, ni tangazo tu, linapita."

Nasi watu wazima tuliokuwa pale, pamoja na mimi ninayefundisha somo la Maarifa ya Uislamu, tukasubiri. Rimoti ilikuwa juu ya kochi, hatua mbili kutoka nilipokaa. Hakuna aliyeinuka. Tangazo likaisha, sheikh akaendelea pale alipoachia, na mama akatikisa kichwa.

Ndugu msomaji, neno lile la mtoto halijanitoka mpaka leo. Subira ni neno letu. Mwenyezi Mungu (s.w.) ameitaja katika Kitabu chake mahali pengi, na wanavyuoni wameigawa mafungu matatu: kudumu katika kumtii Allah, kujizuia na aliyoyakataza, na kustahamili mitihani anayotuletea. Hebu tujiulize, ile subira yetu mbele ya televisheni ilikuwa ya fungu gani? Twaa ipi tuliyokuwa tukidumu nayo? Haramu ipi tuliyojizuia nayo, ilhali ndiyo iliyokuwa ikisemeshwa na sisi tumenyamaza? Na kama ni mtihani, basi ulikuwa mtihani ambao dawa yake iko juu ya kochi. Ile haikuwa subira, yalikuwa mazoea. Na mazoea ni mtoto wa kughafilika.

Sisi tunadhani sekunde tano au thelathini za tangazo ni kitu kidogo kisicho na hesabu. Wenzetu wanaoyauza wamezihesabu siku nyingi. Mwaka 2012 watafiti wawili, S. Shunmuga Krishnan wa kampuni ya Akamai na Ramesh Sitaraman wa Chuo Kikuu cha Massachusetts, Amherst, Marekani, walionyesha kuwa mtazamaji wa video za mtandaoni huanza kukata tamaa video ikichelewa kufunguka kwa sekunde mbili tu, na kila sekunde inayoongezeka huwaondoa wengine karibu asilimia sita. Wenye mtandao wa kasi ndio wepesi zaidi wa kuondoka kuliko wanaotumia simu. Kadiri mtu anavyoneemeshwa ndivyo subira inavyopungua, jambo ambalo halihitaji profesa kulijua, lakini ni vizuri limepimwa.

Mwaka uliofuata, 2013, wawili hao wakageukia matangazo yenyewe. Walichunguza matangazo milioni 257 yaliyoonyeshwa kwa watazamaji milioni 65. Matangazo yaliyowekwa mwisho wa video yalitazamwa mpaka tamati kwa asilimia 45. Yaliyowekwa mwanzo, asilimia 74. Yaliyowekwa katikati, asilimia 97. Asilimia tisini na saba! Wakaona pia kuwa mtu yule yule asiyestahamili video inayochelewa kufunguka humstahamili zaidi muuza bidhaa anayemzuia mlangoni.

Kwa nini katikati? Kwa sababu mtu amekwishanasa. Ameanza kufuatilia, moyo umeshikwa, haondoki. Mwanzoni bado ana hiyari yake, mwishoni amekwishapata alichokitaka. Mfanyabiashara akiliona hili hulichukua kama elimu ya biashara yake, na simlaumu. Muislamu akiliona anapaswa kukumbuka jambo jingine. Katika Suratun-Nur (24:21) Allah (s.w.) anatukataza kuzifuata nyayo za shetani, na tumefundishwa tangu chuoni kuwa zimeitwa nyayo kwa kuwa huenda moja baada ya nyingine. Hakuna anayeanza kwa kuambiwa aje acheze kamari. Anakaribishwa kwa kitu anachokipenda, hata kama ni Qur'an, kisha katikati ndipo neno linapopenyezwa, wakati ambapo kuinuka ni kuzito.

Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi ya Anas (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, alimfundisha mwanamke aliyekuwa akilia kaburini kwamba subira ya kweli ni ile ya pigo la kwanza. Baadaye kila mtu hunyamaza. Mama alipouliza "huyu ni nani", lile ndilo lilikuwa pigo letu la kwanza, na likatupita.

Jambo la pili ambalo watu wengi hawalijui ni namna fedha inavyopatikana hapo. Desemba 2010 YouTube ilianzisha matangazo ambayo mtazamaji anaweza kuyaruka baada ya sekunde tano. Katika aina hiyo, ukiruka, mwenye tangazo halipi. Analipa pale unapolitazama kwa sekunde 30, au mpaka mwisho kama ni fupi kuliko hapo, au ukiligusa. Maana yake ni kuwa kukaa kwako kimya kuna bei. Katika fiqhi tunasoma kuwa binti bikira anapoulizwa juu ya posa, kunyamaza kwake huhesabiwa kuwa ni idhini. Ajabu ni kwamba wenye mtandao nao wamefika kwenye hukumu inayofanana na hiyo, isipokuwa hapa bikira ni sisi na mwozeshaji ni kampuni ya kamari.

(Na bando linaloliwa wakati tangazo hilo likipita ni lako mwenyewe, umelinunua kwa fedha yako. Hili nalitaja kwa wale ambao hoja ya dini peke yake haijawatosha.)

Kamari haina mjadala. Suratul-Maida (5:90-91) imeiweka pamoja na ulevi katika uchafu wa kazi za shetani, ikatuamrisha kuiepuka, na ikataja kuwa shetani anaitumia kutia uadui baina yetu na kutuzuia na kumkumbuka Mwenyezi Mungu na Swala. Tazama basi lile tangazo la nyumbani kwa kaka: limemkatisha mama dhikri, kwa maana halisi kabisa ya neno kukatisha. Na Suratul-A'raf (7:204) inatuamrisha Qur'an inaposomwa tuisikilize na tunyamaze. Tulinyamaza kweli, ila tulimnyamazia asiyestahiki.

Hapa kwetu Tanzania michezo ya kubahatisha ni halali kwa sheria ya nchi, ipo Sheria ya mwaka 2003 na ipo bodi inayosimamia, na mtoto chini ya miaka 18 haruhusiwi kucheza. Lakini tangazo halimuulizi mtu umri anapokuwa amekaa sebuleni na bibi yake. Vijana wetu wamekwishalichukua hata neno mkeka, hili la kuswalia na kufutarishia, wakaliita jina la orodha ya mechi wanazobetia. Mkeka umechanika, wanasema, wakimaanisha fedha imekwenda. Jirani zetu Kenya, Aprili 2025, mamlaka inayosimamia kamari ilisimamisha matangazo yake kwa siku 30 kwa kuhofia watoto. Serikali isiyotumia hoja ya Qur'an iliona kuna tatizo, sisi tunamwambia bibi asubiri.

Wapo watakaosema: Ustadhi, unataka watu waache YouTube? La hasha. Humo mna darsa ambazo baba zetu wangesafiri mwezi mzima kuzifuata. Mgonjwa anasikiliza tafsiri akiwa kitandani, dada aliyeko Muscat kikazi anamsikiliza sheikh wa mtaani kwao. Na tuwe wakweli, hakuna cha bure: mitambo inayohifadhi video hizo inagharimiwa, na matangazo ndiyo yanayoilipia. Tangazo la sabuni au la sukari halina neno. Ukilivumilia unalipa deni la huduma unayoitumia, na huo ni uungwana. Ninachokizungumzia ni mtu kuwa na kipimo kimoja kwa sabuni na kamari, akikereka na yote mawili sawasawa kwa sababu yanamchelewesha, na akiyavumilia yote mawili sawasawa kwa sababu yanapita.

Suala hili limekwishaingia misikitini. Msikiti mmoja hapa Dar es Salaam ninaousalia mara kwa mara una vijana wanaorekodi darsa na kuziweka kwenye chaneli yao. Kamati ilikaa kujadili kama waruhusu matangazo ili wapate fedha za madrasa. Wazee wakasema hapana, nyumba ya Allah haiuzi kamari. Kikao kikaishia hapo, na watu wakarudi nyumbani wakiamini wameufunga mlango.

Kumbe mlango huo hauna kitasa upande wetu. Novemba 2020 YouTube ilitangaza masharti mapya, na mwaka 2021 yakaenea nje ya Marekani, yanayoipa haki ya kuweka matangazo hata kwenye video za chaneli ambazo hazikujiunga na mpango wake wa kugawana mapato. Mwenye chaneli hapati senti, na pia hana usemi juu ya tangazo gani linawekwa. Anayejiunga ndiye anayeweza kuzuia aina fulani za matangazo. Lakini ili ajiunge kwa njia ya kawaida anatakiwa awe na wafuatiliaji 1,000 na video zake ziwe zimetazamwa kwa saa 4,000 katika miezi 12.

Kwa hiyo wazee wangu, kwa kusema hapana, wameuacha uamuzi kwa mtu mwingine kabisa. Rai yangu, na mimi ni mwalimu tu si mufti, ni kuwa chaneli ya msikiti iliyofikia kiwango hicho ijiunge, si kwa kutafuta fedha kwanza bali ili ishike kitasa: izime kamari, pombe na mikopo ya riba, na iyaondoe matangazo yote ya katikati kwenye kisomo cha Qur'an. Kitakachopatikana humo, kama kuna sehemu yenye shaka, mashekhe wetu waulizwe. Wanavyuoni wengi wamefundisha kuwa mali ya namna hiyo huondolewa kwa kupelekwa kwenye manufaa ya watu bila ya mtu kutarajia thawabu za sadaka. Nakiri kuwa wapo ninaowaheshimu wasiokubaliana nami hata kidogo, wanaoona kuwa kugusa fedha hiyo ni kujipaka tope kisha kutafuta maji. Hoja yao nzito. Ila tope tayari limo ndani ya darsa zetu, na aliyelileta hatuulizi.

Kwa upande wa mtazamaji, Mwenyezi Mungu amewasifu wale ambao wanapopita penye upuuzi hupita kwa heshima (25:72), na ametukumbusha kuwa masikio, macho na nyoyo vyote vitaulizwa (17:36). Kupita ni kitendo. Kuna mguu unaonyanyuka. Kwenye simu, mguu huo ni kidole: ruka sekunde ya tano inapofika, au punguza sauti kama haliruki. Google nayo, tangu mwishoni mwa 2020, ilianza kuweka mahali pa kuomba uonyeshwe matangazo machache ya kamari na pombe, na 2022 mipangilio hiyo ikakusanywa kwenye ukurasa unaoitwa My Ad Center. Haiyamalizi, inayapunguza. Nimefanya hivyo kwenye simu yangu na kwenye televisheni ya kaka, ilichukua muda mfupi kuliko matangazo mawili. Aibu yangu ni kwamba nilikuwa nikijua siku zote kwamba jambo kama hilo lipo.

Yule mtoto nilimkalisha. Sikumgombeza, maana alisema alichotuona tukikifanya. Nilimwambia siku nyingine bibi akiuliza "huyu ni nani", amjibu ni nani, kisha achukue rimoti. Akaniuliza, "Hata kama baba anaangalia mpira?" Nikamwambia hilo nitazungumza na baba yake. Bado sijazungumza naye.

Mama nilimnunulia redio ndogo ya kuchomeka kadi, zinauzwa Kariakoo kila kona, nikampakulia juzuu zote thelathini. Nilipompelekea aliishika, akaigeuza mkononi, akaniuliza kama yule wa mamilioni naye yumo humo ndani. Nikamwambia hayumo.