Haki na Huruma Ukingoni mwa Reale

Lugha yetu huita madini na pesa kwa jina moja: fedha. Jina hilo lina historia yake. Katika sehemu kubwa ya karne ya 19, mtu wa Unguja au Lamu aliyesema kuwa ana fedha alikuwa na fedha hasa, madini meupe yenye kulemea kiganja. Na sarafu iliyojulikana mno katika masoko ya pwani ilikuwa reale ya Maria Theresa, yenye sura ya malkia upande mmoja na tai wa vichwa viwili upande wa pili. Biashara ya pembe, ya karafuu na, tusifiche, ya wanadamu pia, ilihesabiwa kwa reale hiyo. Leo hainunui kitu sokoni. Imebaki makabatini na katika maduka ya vitu vya kale ya Mji Mkongwe, na kila mtu anapoitoa kuiuza huzuka swali la maadili kabla ya swali la bei: ajuaye thamani yake ana wajibu gani kwa asiyeijua?

Tuanze na sarafu yenyewe. Maria Theresa wa Austria alifariki mwaka 1780, na reale zilizoenea kwetu zimeandikwa mwaka huo. Lakini hazikupigwa zote mwaka huo. Ziliendelea kupigwa Vienna, na katika karne ya 20 zikapigwa pia Roma, London, Paris na Bombay, bila ya tarehe kubadilishwa, kwa kuwa wapokeaji wa Arabuni na Uhabeshi hawakutaka sura nyengine. Uzito wake ni gramu 28 na kidogo; katika kila sehemu 1000, sehemu 833 ni fedha safi. Kwa hiyo mwaka ule hausemi umri, unasema ahadi: fedha ni kiasi hiki, wala haikupunguzwa. Anayeiuza kwa kumwonyesha mnunuzi tarehe tu, huku akijua kuwa ilipigwa karne moja na nusu baadaye, hasemi uongo kwa ulimi wake. Anaiachia sarafu iuseme kwa niaba yake.

Ama daraja, hiyo hupimwa kwa jicho. Mkaguzi hutazama kwanza palipoinuka, kwani ndipo panapolika mwanzo: nywele za malkia, bega lake, kifua cha tai. Kisha huigeuza atazame ukingo, kwani maandishi ya ukingoni humfichua mwenye kuikwangua fedha. Huko Marekani, William Sheldon alitoa mwaka 1949 kipimo cha kuanzia 1 hadi 70 kwa ajili ya senti kubwa za shaba za nchi yake, na namba hizo sasa hutumiwa na wakusanyaji wa nchi nyingi. Inafaa kuikumbuka asili yake: Sheldon alikusudia sarafu ya daraja la 70 iwe na bei mara 70 ya ile ya daraja la 1. Bei zilibadilika, hesabu ikavunjika, namba zikabaki. Hata kipimo kinachoonekana kuwa ni elimu tupu kilizaliwa sokoni.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Sarafu kongwe inaikaidi methali hii. Aliyerithi reale nyeusi huisugua kwa majivu na ndimu hadi ing'are, akidhani anaipamba. Kumbe weusi ule ulikuwa ushahidi wa miaka yake, na michirizi aliyoiacha haiondoki tena. Kizuri hakikujiuza. Kilihitaji mtu wa kukisemea, na hapo ndipo mzigo unapomwangukia mjuzi.

Tuchukue mfano. Sayyid Barghash bin Said aliagiza kutoka Ubelgiji reale zake mwenyewe, zenye maandishi ya Kiarabu na mwaka 1299 Hijria, yaani 1882. Leo ni adimu mno, na mkusanyaji hutoa kwa moja yake mara nyingi zaidi ya bei ya reale ya kawaida ya Maria Theresa, ambayo aghalabu haiendi mbali na bei ya fedha iliyomo. Sasa mjane, au kijana mwenye haja ya ada ya skuli, analeta zote mbili dukani zimefungwa kitambaani. Mwenye duka anaziweka juu ya mizani, anasoma gramu, anataja bei ya fedha ya siku hiyo. Mizani haikuchezewa. Hakuna neno la uongo lililotamkwa. Je, pamekuwa na dhulma?

Wapo watakaosema hapana, na hoja yao si nyepesi. Mjuzi ametumia miaka na mali katika kujifunza. Vitabu alinunua, na sarafu bandia zilimtia hasara. Kama kila alijualo ni lazima amwambie muuzaji bure, elimu yake italipwa na nani? Na muuzaji alikuwa na hiari ya kuuliza kwengine.

Elimu ina ujira, nakubali. Lakini mjuzi angeweza kusema: "Hii ni adimu. Nitakutafutia mnunuzi, na fungu langu ni hili." Hapo analipwa kwa alijualo. Anaponyamaza, analipwa kwa asilolijua mwenzake, na huo ni ujira wa namna nyengine kabisa. Zaidi ya hayo, alipoiweka sarafu ile mizanini alitoa ushahidi: alimwambia mwenye mali, kwa kitendo, kuwa hii ni fedha ya kupimwa kwa uzito, basi. Kimya chake kilikuwa na maneno.

Sheria ya Kiislamu ililiona jambo hili mapema. Mtume (S.A.W.) alikataza watu kuilaki misafara njiani na kununua bidhaa kabla wenyewe hawajafika sokoni, na aliyeuza kwa namna hiyo alipewa hiari ya kuvunja mauzo baada ya kufika. Wanazuoni wamekhitilafiana katika matawi ya hukumu hiyo, lakini shina lake li wazi: ubaya ni kumwahi mtu kabla hajajua. Mjane wetu amefika dukani, sokoni hajafika.

Imam Ghazali, katika Ihyaa Ulumid-Din, anapanda juu zaidi. Anasimulia kuwa Sari al-Saqati wa Baghdad alinunua lozi kwa dinari 60 akaazimia faida ya dinari 3 tu. Lozi zikapanda hadi 90. Dalali alipokuja, Sari alikataa kupokea zaidi ya 63, na dalali akakataa kutoa chini ya 90. Biashara haikufanyika.

Mtu atasema duka la namna hiyo lingefungwa, na pengine ni kweli. Lakini Ghazali mwenyewe alitenganisha uadilifu na ihsani: ihsani ni daraja ya kupandia, uadilifu ni sakafu ya kusimamia. Mwenye duka wa leo hatakiwi kuwa Sari. Anatakiwa asishuke chini ya sakafu. Ukingoni mwa reale ya Maria Theresa pameandikwa kwa Kilatini maneno ambayo maana yake ni Haki na Huruma. Huruma ni hiari ya mtu. Haki ni deni, nalo hulipwa kwa sentensi moja fupi: kumwambia mwenye sarafu ni sarafu gani aliyonayo, kabla ya kumtajia bei.