Shukrani na Deni

Sisi watu wa visiwani hatukulelewa kuiadhimisha siku ya ndoa. Tulilelewa kuitunza ndoa yenyewe, na siku ikapita kimya. Lakini tulipotimiza miaka 30, niliona haya kuiacha ipite tena. Tukavuka kwa boti hadi Dar es Salaam, tukalala kwa shemeji, na asubuhi tukashika njia ya Bagamoyo, kilomita 70 hivi, kwa nia ya kurejea jioni.

Niseme kweli: nilikwenda na moyo wa mlipaji. Nilidhani siku moja ya upepo wa bahari na samaki wa kukaanga ingefuta mengi.

Tulisimama penye mnara uliobaki wa kanisa la zamani la misheni, ulikofikishwa mwili wa David Livingstone mwezi Februari 1874. Nikamsimulia mwenzangu, kwa ufasaha wa mtu apendaye kusikilizwa, jinsi Chuma na Susi na wenzao walivyouzika moyo wa marehemu kijijini kwa Chitambo, katika Zambia ya leo, wakaukausha mwili, wakaubeba miezi tisa hivi hadi pwani. Huo, nikasema, ndio uaminifu: kubeba usichoamrishwa.

Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na nani alikuwa akiwapikia?"

Jibu nilikuwa nalo. Katika msafara ule alikuwamo Halima, mpishi wa Livingstone, mke wa Amoda. Jina lake nililijua, na katika masimulizi yangu nililiacha njiani. Mwaka ule ule wa 1874 Chuma na Susi walialikwa Uingereza. Halima hakualikwa.

Swali lile halikuwa la Halima peke yake. Tafsiri yangu ya kwanza niliifanya usiku, kwa taa ya chemli, baada ya kazi ya mchana. Mwenzangu ndiye aliyeinakili kwa mkono, mara mbili, mtoto mapajani, akinirudisha kwenye neno sahihi kila nilipopotoka. Kitabu kikatoka na jina moja.

Je, wema wa siku moja hulipa deni la namna hiyo? Wapo wasemao kwamba baina ya mke na mume hapana deni, kwani pendo halihesabu. Ni neno tamu, lakini aghalabu husemwa na mdaiwa. Wengine husema deni lipo, basi lilipwe. Hao nao wamekosea. Deni la fedha likishalipwa, wawili huachana salama, kila mmoja akashika njia yake. Nani atakaye kumalizana hivyo na mkewe?

Mimi naona deni la ndoa halikuwekwa ili lilipwe likaisha, wala halikuwekwa ili lifichwe. Shukrani si malipo. Shukrani ni ushahidi. Mdaiwa husimama mbele za watu akakiri alichobebewa na aliyembebea. Asiyekiri, hata akimpeleka mkewe Bagamoyo kila mwaka, ananunua kimya tu.

Kabla ya kuupeleka ukurasa huu kwa mhariri, nilimsomea mwenzangu. Akanisahihisha: hakunakili mara mbili, alinakili mara tatu. Kosa hilo nimeliacha mahali pake, ili nalo lishuhudie.