Sauti ya Moyo Sikioni: Je, Kutafuta Dawa ni Kupungukiwa na Tawakkuli?

  

Yako maradhi ambayo mwenyewe huyasikia na jirani yake hayasikii. Mtu huswali Isha, akarejea nyumbani, taa zikazimwa na mji ukatulia. Na hapo sikioni mwake, aghalabu katika sikio moja tu, huanza mvumo kama wimbi dogo lipandalo mchangani na kurudi, usiopumzika hatta alfajiri. Akipanda ngazi, mvumo huenda mbio. Akiketi akatulia, nao hupunguza mwendo. Akiweka vidole juu ya mshipa wa kifundo cha mkono, huona kwamba kila pigo la mshipa lina mvumo wake. Basi sauti hiyo haitoki nje wala si ya kuwazika. Ni damu yake mwenyewe anayoisikia ikipita.

Mtu huyu akiyasema yaliyompata, hupewa majibu matatu. Wa kwanza humwambia kwamba amepandwa na jini, na apeleke mbuzi kwa mganga. Wa pili humwambia kuwa ni wasiwasi tu, asome adhkari alale. Wa tatu, naye ni mtu wa dini ambaye neno lake lina uzito kuliko la wale wawili, humwambia asubiri, kwani maradhi ni kafara ya madhambi, na mwenye kuwakimbilia matabibu amepungukiwa na tawakkuli. Neno la wa kwanza halihitaji jawabu refu. La wa pili litajibiwa na khabari za maradhi yenyewe. Hili la tatu ndilo listahililo kupimwa, kwa kuwa nusu yake ni kweli.

Ni kweli kwamba subira ina ujira, na kwamba dua hutangulia dawa. Walakini Mabedui walipomwendea Mtume (S.A.W.) wakamwuliza kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawakhubiria kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa illa ameuwekea dawa, isipokuwa uzee. Na katika madhhebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo ya watu wengi wa pwani hii, kujitibu ni jambo la sunna. Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, alilipanga jambo hili vizuri katika kitabu chake cha Ihya. Alizigawa sababu za kuondoa madhara mafungu matatu. Ziko za yakini, kama maji kwa mwenye kiu na mkate kwa mwenye njaa; kuziacha hizi si tawakkuli, bali ni haramu pakiwa na khofu ya kufa. Ziko za kudhaniwa, kama kuumika na dawa za matabibu. Kuzitumia hakuvunji tawakkuli, na kuziacha hakukukatazwa. Na ziko za kuwazika tu, na hizo ndizo mwenye tawakkuli huziacha.

Hapa pana jambo ambalo msemaji wa tatu hakuliangalia. Mafungu hayo si kuta za mawe. Sababu moja yaweza kuwa ya kuwazika katika zama za babu, ikawa ya kudhaniwa katika zama za baba, ikakaribia yakini katika zama za mwana, kwa kuwa elimu imeongezeka. Hukumu hufuata ujuzi. Basi mwenye kutoa hukumu ya mvumo huu lazima kwanza ajue mvumo ni nini.

Mlio wa sikio wa kawaida, ule wa kama nyenje au kengele, matabibu wa Kiislamu waliujua tangu zamani, na Ibn Sina ameutaja katika Kanuni. Aghalabu huo hutokana na kupungua kwa usikivu, na dawa ya kuuondoa kabisa haijapatikana. Mvumo uendao na moyo ni mlango mwingine. Mishipa mikubwa ya damu hupita karibu sana na sikio la ndani, ikitenganishwa nalo na ufupa mwembamba. Ufupa ule ukitoboka, au mshipa ukawa na mahali pembamba ambapo damu hupita kwa kishindo kama mto penye mawe, sikio husikia. Mara nyingine damu yenyewe ndiyo iliyopungua nguvu, au tezi la shingoni linafanya kazi kupita kiasi, na moyo ukasukuma kwa haraka. Mara nyingine ni shinikizo la damu, au utando wa mafuta ndani ya mshipa wa shingo. Mara nyingine ni uvimbe mdogo wenye damu nyingi nyuma ya kiwambo cha sikio. Na mara chache, walakini hizi ndizo za kuogopwa, mshipa unaopeleka damu huungana na mshipa unaorudisha damu, ndani ya utando wa ubongo, bila ya njia iliyo baina yao. Na ungano kama hilo laweza kupasuka, damu ikamwagika kichwani.

Wala asidhani mtu kwamba elimu hii ya mwendo wa damu ni ngeni kwa Waislamu. Ibn al-Nafis, tabibu na faqihi wa madhhebu ya Shafii aliyefariki Misri mwaka 1288, aliandika katika sharhi yake ya Kanuni kwamba damu hutoka upande wa kulia wa moyo ikapita mapafuni kabla ya kufika upande wa kushoto. Harvey wa Uingereza alitoa kitabu chake mwaka 1628.

Kwa hiyo mvumo huu, tofauti na mlio wa nyenje, mara nyingi una sababu inayoweza kuonekana, na baadhi ya sababu hizo zina dawa. Mwenye upungufu wa damu hutibiwa upungufu wake, na mvumo ukanyamaza. Ungano la mishipa huzibwa kwa mpira mwembamba upitishwao ndani ya mshipa kuanzia pajani au mkononi. Mahali pembamba pa mshipa hutanuliwa kwa kijibomba cha wavu wa madini. Walakini hapa ipo haja ya mizani. Kijibomba hicho si jambo jepesi. Kina khatari zake, na mwenye kuwekewa hupewa dawa za kuzuia damu isigande. Ambaye maradhi yake hayana khatari, naye anaweza kulala, akichagua kuacha, hana lawama, kwani yuko katika fungu la pili la Ghazali. Ambaye mshipa wake wakaribia kupasuka hayuko katika fungu hilo. Na hakuna ajuaye yuko fungu gani kabla ya kupimwa. Subira juu ya jambo ambalo mtu amekataa kulijua ni uzembe uliovaa kilemba.

Liko na jingine, nalo ndilo zito zaidi kwa wenye nyumba. Miongoni mwa sababu za mvumo huu ni kuzidi kwa nguvu ya maji yanayouzunguka ubongo, na maradhi hayo huwapata khasa wanawake walio katika umri wa kuzaa, tena wenye mwili mzito. Huja na maumivu ya kichwa, na giza la ghafla machoni wainamapo au wainukapo. Na yakiachwa, mshipa wa jicho huharibika na mwanamke akapofuka. Yana dawa: kupunguza uzito, na vidonge viitwavyo asetazolamidi. (Na waume ambao huhesabu unene wa mke kuwa ni ushahidi wa ukarimu wao, wafikiri.) Sasa mke akamwambia mumewe kwamba asikia moyo wake sikioni, na mume akamjibu asubiri, huyo mume amesubiri nini? Macho si yake. Mtu aweza kuchagua subira juu ya maumivu ya mwili wake, wala hana ruhusa ya kuichagua juu ya mwili wa mwingine aliye chini ya uangalizi wake, kisha akajihesabia thawabu.

Lawama haiwi ya upande mmoja. Wako matabibu ambao hutazama tundu la sikio kwa taa, wakaliona safi, wakamwambia mgonjwa hana kitu. Sikio lake ni safi kweli. Tatizo liko nyuma yake. Tabibu mwenye insafu huuliza kama mvumo wafuata mshipa, husikiliza shingoni na nyuma ya sikio kwa chombo, na mara nyingine huusikia naye. Hupima damu, huangalia macho kwa ndani, kisha huagiza picha za mishipa kwa mashine ya sumaku ambayo mahospitali huiita MRI, au kwa ile ya miali. Picha hizo ni ghali na si kila mji unazo, na maskini hutumwa safari ambayo nauli yake hana. Katika kungoja huko ndiko wauzaji wa matone na mafuta wanakompatia, wakamaliza hatta ile akiba ya nauli. Zaka na sadaka za mtaa zingefaa kutazama huko.

Na huenda mtu akapimwa kote, na sababu isionekane. Huyo ndiye ambaye neno la subira linamstahiki, na hatta yeye hakukatazwa kupunguza taabu. Sauti ndogo ya pangaboi usiku huufunika mvumo. Wengine huwasha kisomo cha Qur'ani kwa ajili hiyo hiyo. Nia yao si mbaya, lakini haki ya kisomo ni kusikilizwa, na pangaboi halina haki hiyo.

Wanaopinga dawa hupenda kumtaja yule mwanamke aliyekuwa akianguka kifafa, ambaye khabari yake imo katika Sahihi mbili kwa riwaya ya Ibn Abbas. Alimwendea Mtume (S.A.W.) akataka aombewe, naye akamkhiyarisha: asubiri apate Pepo, au aombewe apone. Akachagua subira. Hufika hapo wakanyamaza, na hadithi haijesha. Yule mama aliongeza kwamba aangukapo nguo humfunuka, akataka aombewe jambo hilo lisimpate. Naye akaombewa.